Okestra au kwateti: mpiga fidla aende wapi?

Mwaka 1964 Arnold Steinhardt aliacha kiti ambacho wenzake wangekipigania kufa na kupona. Alikuwa na miaka 27, mzaliwa wa Los Angeles, na kwa miaka mitano alikuwa msaidizi wa mpiga fidla kiongozi katika Cleveland Orchestra, okestra ambayo mwongozaji George Szell aliinyoosha mpaka ikahesabiwa miongoni mwa bora duniani. Aliondoka kwenda kuungana na mpiga fidla John Dalley, mpiga viola Michael Tree na mpiga selo David Soyer, watu aliozoeana nao kwenye kambi ya muziki ya kiangazi ya Marlboro, huko Vermont. Kundi lao halikuwa hata na jina. Jina la Guarneri Quartet walishauriwa na Boris Kroyt, mpiga viola wa Budapest Quartet. Kundi hilo likadumu miaka 45.

Mwaka 2022 Vineta Sareika-Völkner wa Latvia akapita njia hiyohiyo kinyumenyume. Tangu 2012 alikuwa akishika fidla ya kwanza katika Artemis Quartet ya Berlin, moja ya kwateti zilizoheshimika sana Ulaya. Kwateti ilisimama 2021. Akaingia Berlin Philharmonic kama mmoja wa safu ya fidla za kwanza, na mwaka 2023 akateuliwa mpiga fidla kiongozi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo tangu okestra ile ianzishwe 1882.

Hawa wawili walikuwa wakijua vizuri upande waliokuwa wanauacha, kwa hiyo nitawarudia mara kwa mara hapa chini. Kwa asiyelizoea jina: kwateti ya nyuzi ni watu wanne, fidla mbili, viola (kubwa kidogo kuliko fidla) na selo ya sauti nzito, wasio na mwongozaji, na kila mmoja ana mstari wake ambao hakuna mwingine anayeupiga. Okestra kubwa ina fidla thelathini hivi peke yake, na mstari wako unapigwa na watu kumi na wanne au kumi na sita kwa pamoja.

Kuna wanaouliza mbona siizungumzii njia ya solo, ya kusimama mbele ya okestra peke yako na koncheto ya Brahms. Sababu ni kwamba ile haichaguliwi. Mtu huchaguliwa nayo, aghalabu kabla hajafika miaka 22, na mawakala, waongozaji na kampuni za kurekodi. Steinhardt mwenyewe alishinda shindano la Leventritt mwaka 1958, lililokuwa kubwa kuliko yote Marekani kwa wakati ule, na alichokifanya baada ya hapo ni kuajiriwa Cleveland. Kama simu za solo zinakuja, utajua. Kama haziji, endelea kusoma.

Mlango wa kuingilia

Okestra huingiwa kwa usaili, na usaili wenyewe ni ukatili wa dakika chache. Unapewa namba badala ya jina. Raundi ya kwanza unapiga nyuma ya pazia, na huko Marekani hutandikwa zulia ili mlio wa viatu usiitobolee kamati siri ya kama anayekuja ni mwanamke au mwanamume. Boston Symphony walianza kutumia pazia mwaka 1952. Unafungua na Mozart, koncheto ya nne au ya tano, sehemu ya kwanza. Halafu vipande vya okestra: ukurasa wa kwanza wa *Don Juan* ya Richard Strauss, ambapo fidla zinaruka kutoka nyuzi za chini hadi juu kabisa kabla msikilizaji hajakaa vizuri kitini, skezo (kipande chepesi cha kasi) ya Mendelssohn ya *Midsummer Night's Dream*, ambayo upinde lazima udunde mwepesi na kwa sauti ndogo, mkono ukiwa umekufa ganzi kwa woga, skezo ya Simfoni ya 2 ya Schumann, noti za haraka zisizokupa pa kuvutia pumzi. Kamati imeshavisikia vipande hivyo kutoka kwa kila aliyekutangulia asubuhi ile. Noti moja iliyopanda juu ya mahali pake inatosha. Sauti kutoka nyuma ya pazia inasema asante, na umeshamaliza.

Ukipita, bado. Ujerumani utakaa kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, kisha wanamuziki wenzako wanapiga kura. Vienna ni kirefu zaidi: unaingia kwanza okestra ya opera ya taifa, unatumikia miaka mitatu, ndipo unaweza kuomba uanachama wa Vienna Philharmonic.

Kwateti haina mlango wa namna hiyo. Mnakutana chuoni au kambini, mnapiga Haydn usiku kwa furaha, mmoja anasema tuendelee, na miaka mitatu baadaye ama mnaendelea ama mmoja ameshaoa na kuhamia mji mwingine. Mtihani wenu ni mashindano. La Banff, Kanada, hufanyika kila baada ya miaka mitatu na washindani wote wanatakiwa wawe chini ya miaka 35. Hesabu mwenyewe: kama mnaanza na miaka 24, na kwateti inahitaji miaka mitano au sita mpaka watu wanne watoe sauti inayofanana, mnapata nafasi moja, labda mbili. Ndiyo maana namwambia mtu kwamba kwateti ni jambo la ujanani. Usaili wa okestra unaweza kuurudia ukiwa na miaka 30, ukafeli, ukarudia tena. Miaka ya kukaa chumba kimoja na watu watatu mkigawana tambi haijirudii.

Iko njia nyingine nyembamba, ya kualikwa na kwateti ambayo tayari ina jina. Edward Dusinberre aliingia Takács Quartet mwaka 1993 akitokea shule ya Juilliard, akakaa kiti cha mbele cha kundi la Wahungari lililokuwa limeanzishwa Budapest mwaka 1975. Nafasi kama ile hutokea mara chache sana, na ikitokea wanapigiwa simu wale ambao majina yao yanajulikana tayari. Hakuna tangazo la kujibu.

Fedha

Hapa ndipo wengi wanapodanganyana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mshahara wa okestra ya Ujerumani huwekwa kwa mkataba wa pamoja kati ya vyama vya waajiri na vya wanamuziki, kwa madaraja, kulingana na ukubwa wa okestra. Unalipwa ukiugua. Unalipwa likizo. Kuna mfuko wa pensheni wa wanamuziki wa okestra juu ya pensheni ya kawaida ya serikali. Ukipata mtoto, kiti chako kinakusubiri. Msanii mwenye haya yote ni mtu wa bahati popote duniani, na anayeyabeza mara nyingi ni yule ambaye bado analipiwa kodi ya nyumba na wazazi.

Sasa kwateti. Tuchukue hesabu ya mfano: mmealikwa ukumbi wa mji mwingine kwa yuro 8,000, malipo ambayo kundi changa lingeyapokea kwa shangwe. Wakala anachukua asilimia 20, yuro 1,600. Zinabaki 6,400. Tiketi za ndege ni tano, kwa kuwa selo nayo hukaa kitini na kulipiwa kama abiria. Tuseme yuro 250 kila moja, zinakwenda 1,250. Vyumba vinne vya hoteli kwa 120 ni 480. Zimebaki 4,670, gawanya kwa nne, kila mmoja anapata chini kidogo ya 1,170, kabla ya kodi, kabla ya bima ya afya anayojilipia mwenyewe, kabla ya nyuzi mpya na nywele za upinde. Kwa onyesho lililochukua siku mbili za safari na wiki mbili za mazoezi ambazo hakuna aliyezilipia. Ukumbi ukiahirisha, hakuna kitu. Mwaka 2020 kumbi zilipofungwa, wanamuziki wa okestra za umma Ujerumani waliendelea kupata sehemu kubwa ya mishahara yao. Wa kwateti walibaki na kalenda tupu.

Kwa hiyo kwateti zinazodumu zinaishi wapi? Vyuoni. Takács wako Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, tangu 1983. Emerson Quartet walikuwa Stony Brook, Guarneri walifundisha Chuo Kikuu cha Maryland kwa miaka mingi. Budapest Quartet kabla yao walikuwa na makazi Library of Congress, Washington, tangu 1940 hadi 1962, wakipiga ala za Stradivari, fundi maarufu wa zamani wa Kiitalia, zilizotolewa na Gertrude Clarke Whittall. Mtu akikwambia anataka kwateti kwa sababu hataki bosi, mwonyeshe orodha hiyo. Bosi yupo, ni mkuu wa idara ya muziki, na sehemu ya kazi ni kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza Jumanne asubuhi baada ya ndege ya Jumatatu usiku.

Lakini na okestra nayo isisifiwe kupita kiasi. Baada ya Ujerumani kuungana, mwaka 1992, okestra za umma zilikuwa 168. Leo zimebaki takribani 130, nyingine zimeunganishwa, nyingine zimefungwa. Marekani, ambako fedha hutoka zaidi kwa wafadhili binafsi, hali inayumba zaidi. Philadelphia Orchestra, moja ya kubwa kabisa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2011. Wanamuziki wa Minnesota Orchestra walifungiwa nje na mwajiri wao tangu Oktoba 2012 hadi mwanzoni mwa 2014, bila mshahara. San Antonio Symphony ilivunjwa 2022. Ukichagua okestra, basi uliza pia inaishi kwa ruzuku ya jiji au kwa mifuko ya matajiri. Ni maswali mawili tofauti kabisa.

Na ala? Fidla nzuri ya zamani ya Kiitalia haimilikiwi na mwanamuziki wa kawaida wa upande wowote. Fidla ya Stradivari iitwayo *Lady Blunt* iliuzwa mwaka 2011 kwa pauni milioni 9.8. Wanaozipiga wengi wameazimwa. Hapa kwateti yenye jina inaweza kuipiku okestra: Nippon Music Foundation ya Japani ina seti nzima ya Stradivari nne zilizowahi kuwa za Paganini, na iliwaazima Tokyo Quartet tangu 1995 hadi walipostaafu 2013, kisha kwateti nyingine zikafuata.

Siku ya kazi

Mikataba mingi ya okestra za Marekani huweka hadi vipindi vinane kwa wiki, mazoezi na maonyesho yakihesabiwa pamoja, kila kimoja kama saa mbili na nusu. Jumatatu hujui simfoni ile, Alhamisi unaipiga mbele ya watu elfu mbili, wiki inayofuata ni nyingine. Mwelekeo wa upinde, juu au chini, umeshaandikwa kwa penseli kwenye noti zako na kiongozi wa safu. Unakaa wawili kwa stendi moja, na wa ndani ndiye anayegeuza ukurasa. Kazi yako ni kutosikika. Aliyekulia Unguja akizisikiliza fidla za taarabu zikimjibu mwimbaji kwa sauti moja ataelewa haraka: uzuri wote uko katika kutojulikana nani ni nani. Kuna watu wanaoona raha ya ajabu humo. Ukiwa katikati ya fidla kumi na sita kwenye simfoni ya Bruckner, sakafu ikitetemeka, hakuna kwateti inayoweza kukupa kitu kile.

Kuna pia wanaosinyaa. Baada ya miaka kumi ya kufuata mkono wa mtu mwingine, mpigaji mzuri anaweza kusahau alitaka kusema nini. Szell alikuwa maarufu kwa kutomwachia mwanamuziki jambo lolote aamue mwenyewe, na wapigaji wengi walimshukuru kwa hilo na kumwogopa kwa hilohilo.

Mazoezi ya kwateti ni ulimwengu mwingine. Chukua kwateti ya Beethoven, Opus 131. Inaanza na fidla ya kwanza peke yake, polepole, na noti ya nne ya wazo lile ina alama ya mkazo wa ghafla. Kisha inaingia fidla ya pili na wazo lilelile, halafu viola, halafu selo. Mara nne mkazo uleule. Uzito wake uwe kiasi gani? Mmoja anataka uwe kama kilio. Mwingine anasema Beethoven ameandika juu yake kwamba yote yapigwe kwa hisia nyingi, basi mkazo utoke ndani ya sauti, usiipasue. Wa tatu anauliza kama utetemeshaji wa kidole uwepo au usiwepo. Wa nne, mwenye selo, anangoja, kwa sababu yeye anaingia mwisho na atalazimika kufanana na chochote kilichokwisha kufanywa. Saa nzima imepita kwa vipimo vinne. Na kazi yenyewe ina sehemu saba zinazoungana bila kusimama, dakika arobaini hivi, nyuzi zikilegea bila nafasi halisi ya kuzikaza.

Hakuna anayewapa jibu. Mnaweza kupiga kura, lakini kura ya mbili kwa mbili haina mshindi, na hata tatu kwa moja ni hatari, kwa kuwa yule mmoja usiku atapanda jukwaani akiwa na upinde mkononi. Ukiwa mtu ambaye kupingwa kunamharibia siku, okestra itakutunza vizuri zaidi. Nasema hivi bila dharau.

Fidla ya pili ni suala linalowasumbua wengi: nani akubali? Emerson walilimaliza kwa kubadilishana, Eugene Drucker na Philip Setzer wakipokezana kiti cha kwanza kutoka kazi moja hadi nyingine, tangu 1976 hadi walipoaga 2023. Kwateti nyingi hazifanyi hivyo, na nadhani wana sababu. Fidla ya pili iliyokomaa ndiyo inayoamua kama sauti ya kundi ina mwili au ni fidla moja yenye wasindikizaji.

Hao watatu wengine

Kwenye okestra swali ni kama umepata kiti. Kwenye kwateti swali ni kina nani hao watatu, na hili ndilo linaloshinda mengine yote katika ulinganisho huu.

Guarneri walikaa watu walewale wanne tangu 1964 hadi 2001, miaka 37. Alipostaafu Soyer, akiwa na miaka zaidi ya 75, nafasi yake ilichukuliwa na Peter Wiley, mwanafunzi wake wa zamani, wakaendelea hadi 2009. Amadeus Quartet walikaa wanne walewale tangu 1947. Mwaka 1987 mpiga viola wao Peter Schidlof alifariki, na watatu waliobaki wakafunga kundi papo hapo. Miaka arobaini ya kazi, rekodi zote zile, na riziki ya watu wanne, vikasimama kwa msiba mmoja. Okestra inazika mwanachama wake kwa heshima na mwezi unaofuata inatangaza nafasi.

Artemis inaonyesha kitu cha katikati, na ndicho kinachotokea kwa wengi. Lilianzishwa Lübeck mwaka 1989 na wanachama wake walibadilika mara kadhaa. Mwaka 2015 mpiga viola Friedemann Weigle alifariki. Gregor Sigl, aliyekuwa fidla ya pili, akahamia viola, jambo lisilo dogo kwa mtu mzima, na Anthea Kreston akaja kushika fidla ya pili. Mwaka 2019 Kreston na mpiga selo Eckart Runge, wa mwisho kati ya walioanzisha, wakaondoka. Wakaja wengine wawili. Mwaka 2021 mpiga selo mpya naye akaondoka, na kundi likasimama. Sareika-Völkner alikuwa amepitia yote hayo akiwa kwenye kiti cha fidla ya kwanza. Kila mabadiliko yanamaanisha kuanza upya: kila Haydn, kila Bartók, pumzi, upinde, mzaha wa ndani ya gari. Sijui mtu mwenye akili timamu atakayemlaumu kwa kutamani nyumba yenye watu zaidi ya mia.

Na hakwenda huko mikono mitupu. Kiongozi wa fidla ambaye kwa miaka tisa amekuwa akiongoza kwa pumzi na nyusi tu, bila mwongozaji, anajua kuashiria. Okestra zinalithamini sana hilo. Kwa maana hiyo mlango kutoka kwateti kwenda okestra uko wazi zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi uyarudie yale mazoezi ya *Don Juan*.

Mwili

Kwa kifupi, kwa sababu mabega ya wapiga fidla ni mabega popote. Tofauti kubwa ni masikio na usingizi. Mwaka 2012 mpiga viola Christopher Goldscheider alikaa mbele ya ala za shaba katika mazoezi ya opera ya Wagner pale Royal Opera House, London, usikivu wake ukaharibika moja kwa moja. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2018 na rufaa ya mwajiri ikashindwa kwa sehemu kubwa mwaka uliofuata. Vaa vizibo vya masikio, hata kama mwenzako wa stendi anacheka. Kwateti haitakuharibia masikio, ila itakulaza hoteli tofauti usiku baada ya usiku, na uchovu wa safari huonekana kwanza kwenye upinde.

Kuwa na vyote viwili

Inawezekana, na Ulaya ya Kijerumani wamelifanya tangu zamani. Gewandhaus Quartet ya Leipzig, inayoundwa na wanamuziki wa okestra ya mji ule, ina historia inayoanzia 1808. Rainer Küchl alikuwa mpiga fidla kiongozi wa Vienna Philharmonic tangu 1971 hadi 2016 na kwa muda mwingi kati ya huo alikuwa na kwateti yenye jina lake. Wanamuziki wa Berlin Philharmonic wana vikundi vidogo chungu nzima. Mshahara unatoka kwenye okestra, roho inapumua kwenye kikundi.

Kasoro yake ni ratiba. Kikundi cha wanaokutana opera ikiwaruhusu hupiga vizuri sana, lakini mara chache kinafika pale kinapofika kile kinachokutana kila asubuhi. Günter Pichler alikuwa kiongozi wa fidla Vienna Philharmonic mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipoanzisha Alban Berg Quartet mwaka 1970, kwateti ndiyo ikawa kazi yenyewe. Ukisikiliza rekodi zao utaelewa kwa nini. Wasiotaka kuchagua kabisa wanaweza pia kuangalia okestra ndogo zisizo na mwongozaji, kama Orpheus ya New York, iliyoanzishwa 1972, ambako mijadala ya kwateti inafanywa na watu thelathini. Wengine wanaipenda. Mimi ningechoka.

Ukiwa na pasi ya huku kwetu

Mwanafunzi wa Kenya Conservatoire of Music ya Nairobi, iliyoanzishwa 1944, au wa Dhow Countries Music Academy ya Unguja, iliyoanzishwa 2002, ana jambo moja la kuongeza kwenye mizani, nalo ni viza. Ajira ya okestra ya Ujerumani huja na mkataba wa kazi, na mkataba huleta kibali cha kuishi. Kwateti yenye Mtanzania mmoja na Wajerumani watatu ina watu watatu wanaoweza kwenda London kesho na mmoja anayesubiri miadi ya ubalozi. Waandaaji hawasemi waziwazi, lakini kalenda inasema. Anayetaka kwateti kutoka huku ni vizuri aanze na masomo ya miaka mingi mahali pamoja, apate makazi kwanza, ndipo aingie barabarani.

Nyumbani hali ni tofauti. Nairobi Orchestra ina historia ndefu, ila wapigaji wake wengi wana kazi nyingine za kuwaweka mjini. Hapa swali la kiti cha kudumu halipo, na cha ajabu ni kwamba kikundi cha watu wanne kinaweza kupata riziki mapema kuliko okestra: harusi, hoteli, hafla za balozi, kufundisha. Si Opus 131, lakini mnakutana kila wiki, mnajifunza kusikilizana, na hakuna anayewadai mshahara wa watu themanini.

Kwa hiyo, kama una miaka 22 na tayari unao watatu ambao mmegombana nao kweli na bado mkarudi mazoezini siku iliyofuata, nenda kwateti sasa, na mjipe muda maalumu, miaka mitano, kabla ya kuulizana tena. Kama huna hao watatu, usiwatafute kwa tangazo. Jiandae kwa usaili, na ukishaingia okestra tazama nani huchelewa kuondoka baada ya mazoezi akipigapiga Mozart. Kama una mtoto au wazazi wanaokutegemea, okestra ya mji mdogo wa Ujerumani yenye ruzuku ya umma ni bora kuliko kwateti yenye sifa kwenye mabango. Na kwa vyovyote, wiki hii anza vipande viwili: ukurasa wa kwanza wa *Don Juan*, polepole kwa metronomu, na fidla ya pili ya kwateti yoyote ya Haydn. Zipo 68 za kuchagua. Utajua mapema sana ni kipi kati ya viwili unachokikimbilia ukiamka.